Jinsi ya kufuma soksi za mtoto zisizo na nyayo kabla ya msimu wa baridi

Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8, usiku wa Dzaleka ni wa baridi. Kambi yetu iko wilaya ya Dowa, kwenye uwanda wa juu wa katikati mwa Malawi, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya 6 na 7, alfajiri joto linaweza kushuka chini ya nyuzijoto 10. Kama ulitoka milima ya Masisi au Minembwe, baridi hii unaijua. Kama ulitoka Uvira, Kalemie au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika ambako usiku ni wa joto, huenda bado hujaizoea, na mtoto wako aliyezaliwa hapa anakutegemea wewe kumkinga.

Mara nyingi blanketi moja hulaliwa na watoto wawili au watatu, na miguu ndiyo hutokeza nje. Mchana mtoto anatambaa au kucheza kwenye sakafu ya udongo iliyopoa. Nguo nzito za watoto kwenye soko la kaunjika hupanda bei baridi inapoanza. Lakini sweta moja kuukuu ya mtu mzima, hata iliyotoboka, inaweza kutoa nyuzi za kutosha jozi kadhaa za soksi zisizo na nyayo.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuzifuma, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kushika sindano za kufumia. Tunaeleza pia namna ya kuhakikisha hazimbani mtoto, na mambo ya kuangalia kwenye miguu yake kila unapomvalisha.

SOKSI ZISIZO NA NYAYO NI ZIPI?

Zifikirie kama mikono ya sweta, ila zinavaliwa miguuni. Zinaanzia kwenye kifundo cha mguu na kuishia juu kidogo ya goti. Sehemu ya unyayo haipo. Zina faida nne kwa mzazi:

- Hazipitwi haraka na ukuaji. Soksi ya kawaida huachwa mara unyayo unaporefuka. Hii haina unyayo, kwa hiyo mtoto anaweza kuivaa misimu miwili au zaidi.
- Mtoto anayejifunza kutembea hatelezi, kwa sababu kanyagio lake liko wazi. Anaweza pia kuvaa ndala au viatu vyovyote.
- Unaweza kumbadilisha nepi usiku bila kumvua miguu yote.
- Ni rahisi kufuma, kwa kuwa hakuna kisigino wala vidole. Ni kitambaa cha mstatili kinachokunjwa na kushonwa upande mmoja.

UNAHITAJI NINI?

- Nyuzi za sweta, karibu gramu 60 hadi 80 kwa jozi moja ya mtoto wa miaka 2.
- Sindano mbili za kufumia zenye unene wa milimita 4 hivi.
- Sindano moja kubwa ya kushonea yenye ncha butu.
- Mkasi au wembe, na futi ya fundi cherehani. Kama huna futi, tumia kamba na rula ya shule.

Kama huna sindano za kufumia, chonga vijiti viwili vya mwanzi vyenye urefu wa sentimita 25 hadi 30. Vichonge viwe na unene sawa kila mahali, kisha visugue kwa msasa mpaka visishike uzi hata kidogo, na uvipake mafuta kidogo ya kupikia na kuvifuta. Ncha iwe nyembamba lakini isichome. Wafumaji wengi hutumia pia spoku za baiskeli. Spoku ni nyembamba, kama milimita 2, kwa hiyo inafaa nyuzi nyembamba tu. Ukiitumia kwa uzi mnene, kitambaa kitakuwa kigumu na hakitavutika.

JINSI YA KUCHAGUA SWETA YA KUFUMUA

Kabla ya kulipa, igeuze sweta ndani nje na utazame mishono ya ubavuni.

Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwembamba wa cherehani, iache. Sweta hiyo ilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa, na ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo ni nzima, na vipande viwili vimeunganishwa kwa mshono kama mnyororo, ichukue. Hiyo itatoa uzi mrefu usiokatika.

Epuka sweta iliyoganda na kushikana baada ya kufuliwa kwa maji ya moto, kwa sababu haitafumuka. Epuka pia zenye manyoya marefu, maana mtoto huyavuta na kuyaweka mdomoni.

Ukifika nyumbani:

1. Ifue sweta na uikaushe juani.
2. Kata mshono wa mikono, wa mabega na wa ubavuni, polepole, bila kugusa kitambaa chenyewe. Sasa una vipande vinne: mbele, nyuma na mikono miwili.
3. Tafuta mwisho wa uzi upande wa juu, kwenye shingo au mabega. Sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo hufumuka kutoka juu kwenda chini.
4. Vuta uzi huku ukiuzungushia kwenye mgongo wa kiti. Ukikatika, unganisha kwa fundo dogo na uendelee.
5. Funga mzigo huo wa nyuzi kwa kamba sehemu nne ili usijisokote. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 20, usuuze bila kukamua kwa nguvu, kisha uutundike na kitu chepesi upande wa chini. Mikunjo itanyooka.
6. Uzi ukikauka, uzungushe uwe mpira, bila kuuvuta sana.

Kama uzi ni mwembamba, fuma na nyuzi mbili kwa pamoja kana kwamba ni mmoja.

Je, ni sufu au nailoni? Mtu mzima anaweza kujaribu akiwa nje ya nyumba: shika kipande kifupi kwa koleo na ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na kuacha jivu linalosagika. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu. Aina zote mbili hutia joto, lakini uzi unaoyeyuka ni hatari zaidi karibu na moto. Tutarudi kwenye jambo hili.

PIMA MGUU WA MTOTO

Pima sehemu tatu na uandike:

- Mzunguko wa shavu la mguu, mahali palipo panene zaidi chini ya goti.
- Mzunguko wa paja, juu kidogo ya goti.
- Urefu kutoka kifundo cha mguu hadi juu kidogo ya goti, mtoto akiwa amekunja goti.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 2: shavu la mguu sentimita 20, juu ya goti sentimita 24, urefu sentimita 26.

Soksi ikiwa haijavutwa iwe ndogo kuliko shavu la mguu kwa karibu sentimita 4. Katika mfano wetu, 20 toa 4 ni 16. Itavutika yenyewe ikivaliwa. Kwa urefu, ongeza sentimita 4 ili ikunjane kidogo na ibaki na nafasi ya ukuaji: 26 jumlisha 4 ni 30.

VITANZI VIWILI VYA KUJIFUNZA

Ufumaji wote wa soksi hii unatumia vitanzi viwili tu. Kila fundi ana majina yake. Hapa tutaviita kitanzi laini na kitanzi cha nundu. (Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza maelekezo.)

Kuanza. Tengeneza kitanzi cha kufungua na kukaza, ukitie kwenye sindano ya kushoto. Ingiza sindano ya kulia ndani yake, zungushia uzi kwenye ncha, vuta uzi utokeze kama kitanzi kipya, kisha kitundike nacho kwenye sindano ya kushoto. Sasa una viwili. Endelea hivyo ukitumia kile cha mwisho kila mara, mpaka utimize idadi unayotaka. Vitanzi vya kuanzia viwe vimelegea. Vikibana, soksi haitapita kwenye kisigino.

Kitanzi laini. Uzi ukae nyuma ya kazi. Ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungushia uzi kwenye ncha ya sindano ya kulia, uvute upite ndani ya kitanzi uje mbele, kisha acha kitanzi cha zamani kiteleze na kutoka kwenye sindano ya kushoto. Upande unaokutazama, kitanzi hiki kina umbo la V.

Kitanzi cha nundu. Leta uzi mbele ya kazi. Ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, ncha ikitokeza mbele ya sindano ya kushoto. Zungushia uzi kwenye ncha, usukume upite kwenda nyuma, kisha acha kitanzi cha zamani kitoke. Upande unaokutazama utaona nundu ndogo iliyolala.

Unapobadili kutoka kitanzi laini kwenda cha nundu, uzi upite katikati ya ncha za sindano mbili, si juu ya sindano. Ukipita juu ya sindano, utaongeza kitanzi usichokitaka na kuacha tundu.

Vitanzi laini 2 vikifuatwa na vya nundu 2, tena na tena, hutoa kitambaa chenye mistari iliyosimama kama mbavu. Kitambaa hiki hutanuka na kurudi. Ndicho kinachoshika mguu bila raba.

KIPANDE CHA MAJARIBIO

Usiruke hatua hii. Uzi wako na mkono wako si sawa na wa jirani.

Anza na vitanzi 22. Fuma mbavu 2 kwa 2 mpaka upate urefu wa sentimita 6. Laza kipande mezani bila kukivuta. Hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 5, pamoja na vile vya nundu vilivyojificha kwenye mabonde.

Tuseme umehesabu 14. Gawanya 14 kwa 5, unapata 2.8 kwa kila sentimita. Zidisha kwa upana unaoutaka: 2.8 mara 16 ni 44.8. Sasa chagua namba iliyo karibu kwenye orodha hii: 34, 38, 42, 46, 50, 54, 58. Kwa mfano wetu ni 46.

Kwa nini namba hizi tu? Kwa sababu kila moja inagawanyika kwa 4 na kubakiza 2. Hizo 2 zinaufanya mstari uanze na uishe sawa, na ukishona ubavu, mbavu zinaendelea bila kukatika.

FUMA SOKSI HATUA KWA HATUA

1. Anza na vitanzi 46 (au namba yako).
2. Safu ya 1: vitanzi laini 2, kisha rudia hivi: nundu 2, laini 2, mpaka mwisho.
3. Geuza kazi. Safu ya 2: nundu 2, kisha rudia hivi: laini 2, nundu 2, mpaka mwisho.
4. Rudia safu ya 1 na ya 2 mpaka kitambaa kifikie sentimita 30 (au urefu wako).

Kama umesahau uko safu gani, soma kitambaa chenyewe. Kitanzi kinachokutazama kikiwa na V chini yake, fuma laini. Kikiwa na nundu, fuma nundu. Ukizoea kusoma hivi, unaweza kufuma ukiwa kwenye foleni ya mgao au jioni mwanga ukiwa hafifu.

Kila baada ya safu 10, hesabu vitanzi. Vinapaswa kubaki 46. Vikipungua, kimoja kimedondoka. Vikizidi, uzi umepita juu ya sindano mahali fulani.

5. Kufunga: fuma vitanzi viwili kama kawaida ya safu hiyo. Kwa ncha ya sindano ya kushoto, inua kile cha kwanza kipite juu ya cha pili na kukiacha kidondoke. Fuma kingine kimoja, na kile kilichotangulia kipite juu yake. Endelea hivyo hadi mwisho. Kitanzi laini kifungwe kwa laini, cha nundu kwa nundu. Legeza mkono. Hapa ndipo wengi hukaza, na soksi hugoma kupanda juu ya goti.
6. Kata uzi ukibakiza wa kutosha kushona ubavu, na uvute mwisho wake upite ndani ya kitanzi cha mwisho.
7. Fuma ya pili iwe sawasawa na ya kwanza. Hesabu safu, usitegemee kipimo peke yake.

Anayeanza anaweza kuchukua jioni nne au tano kwa jozi moja, na aliyezoea atamaliza mapema zaidi. Kwa hiyo anza mwezi wa 4, usingoje asubuhi ya kwanza ya baridi.

KUSHONA UBAVU

Laza kitambaa, upande mzuri ukiwa juu, na ukutanishe kingo mbili za urefu. Tumia ule uzi uliobakiza. Shona kwa kuchukua kitanzi kimoja cha ukingo wa kulia, kisha kimoja cha ukingo wa kushoto, kama ngazi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada ya kila sentimita 3, vuta soksi itanuke ili mshono usibane.

Nyuzi zinazoning'inia zipitishe ndani ya kitambaa kwa sindano, sentimita 5 kwenda na nyingine 5 kurudi, kisha ukate. Mafundo ya uzi wa kuungia yageukie nje ya soksi, yasiguse ngozi.

Kabla ya kumvalisha mtoto, ingiza mkono wako ndani na utanue vidole. Miisho yote miwili ifunguke kirahisi.

MAKOSA YA KAWAIDA NA NAMNA YA KUREKEBISHA

- Soksi haipiti kisigino: fungua mwisho ule ulioukaza na uufunge upya kwa sindano nene zaidi.
- Soksi inateleza chini: vitanzi ni vingi mno. Safari ijayo punguza 4. Usifunge raba wala kamba juu yake.
- Kitanzi kimedondoka: kikamate haraka kwa pini kabla hakijashuka. Kikishashuka, kipandishe ngazi kwa ngazi kwa sindano ya kroshia au kijiti chenye ndoano.
- Mbavu zimepotea katikati: ulianza safu vibaya. Fumua hadi mahali palipo sawa. Uzi hauharibiki kwa kufumuliwa mara moja au mbili.

USALAMA WA MTOTO

Isimbane. Baada ya saa moja, shusha soksi na utazame ngozi. Alama nyepesi za mbavu zinazopotea baada ya muda mfupi hazina shida. Mstari mwekundu uliozama, vidole vya baridi au vilivyobadilika rangi, maana yake soksi inabana. Ivue na usimvalishe tena.

Nyuzi za ndani. Uzi uliolegea ndani ya nguo unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga na kuzuia damu. Mtoto akilia bila sababu unayoijua, tazama vidole kimoja kimoja.

Moto. Usimweke mtoto aliyevaa uzi wa kiwandani karibu na mbaula au mafiga. Ukishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usivute kilichonata, usipake dawa ya meno wala mafuta, na mpeleke kituo cha afya.

Mapambo. Usishone vifungo, shanga wala kengele kwa mtoto chini ya miaka 3. Vikikatika ataviweka mdomoni.

Joto kupita kiasi. Mikono ya mtoto mchanga mara nyingi ni ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Gusa shingo au kifua. Kukiwa na jasho, punguza nguo. Mtoto mwenye homa asifunikwe zaidi. Mvue soksi na nguo nzito, na umpeleke akapimwe malaria.

Mbu. Mbu anaweza kuuma kupitia matundu ya kitambaa kilichofumwa. Soksi hizi hazichukui nafasi ya chandarua, hata wakati wa baridi.

ANGALIA MIGUU KILA UNAPOMVALISHA

Wakati wa baridi mtoto hufunikwa kutwa nzima, na tatizo la miguu linaweza kukaa siku nyingi bila kuonekana. Kila asubuhi na jioni unapovua na kuvalisha, chukua dakika moja uangalie:

- Vidonda, upele, au funza kwenye vidole na visigino.
- Kuvimba. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya unyayo, kwa sekunde 3, mguu mmoja halafu mwingine. Ukiachia na shimo likabaki kwenye miguu yote miwili, hiyo inaweza kuwa dalili ya utapiamlo mkali. Mtoto wa namna hii anaweza kuonekana mnene, na watu wakakusifu kwamba anakula vizuri. Usikubali sifa hiyo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Kukonda. Kama soksi iliyomkaa vizuri mwezi uliopita sasa inashuka yenyewe, na uzi haujalegea, huenda mguu umepungua. Omba apimwe mkono kwa utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo chini ya sentimita 11.5 ni hatari na anahitaji matibabu.

Miguu yenye joto pia haimkingi mtoto na nimonia. Mtoto akikohoa au kupumua kwa shida, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Mpeleke hospitali bila kuchelewa. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, amepata degedege, au hazinduki, mpeleke sasa hivi, hata kama ni usiku.

KUFUA NA KUTUNZA

Fua kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi, kwa sabuni kidogo. Usisugue sana na usisokote. Zibonyeze ndani ya taulo au kitambaa kikavu, kisha zianike zikiwa zimelazwa. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto hujikunja na hairudi. Hakikisha zimekauka kabisa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu soksi yenye unyevu humpoza mtoto badala ya kumpa joto. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na jozi mbili.

Mtoto akirefuka, fungua mwisho wa juu, okota vitanzi na uongeze sentimita chache, hata kwa uzi wa rangi nyingine. Akizikua kabisa, zifumue. Uzi ule ule utamfaa mdogo wake.

UKITAKA KUUZA

Baadhi ya wasomaji watapenda kufuma kwa ajili ya kipato kidogo. Kabla ya kupanga bei, fanya hesabu hii: gawanya bei ya sweta kwa idadi ya jozi ulizopata, ongeza gharama ya sabuni, kisha ongeza malipo ya saa zako. Wengi husahau saa zao, na mwisho hujikuta wamefanya kazi bure.

Fuma vipimo vitatu tu: vitanzi 42, 46 na 50. Mnunuzi ampimishe mtoto kabla ya kulipa. Mwambie aina ya uzi na jinsi ya kufua, na mwonyeshe namna ya kubonyeza mguu kwa kidole gumba. Mama aliyekuja kutafuta soksi anaweza kuondoka akiwa amejua kitu kitakachomwokoa mtoto.

Kama una jirani anayejua kufuma, mwombe akuonyeshe vitanzi vile viwili kwa dakika kumi. Ukikwama, rudi kwenye kipande cha majaribio, uanze tena na vitanzi 22.